“Hajawahi Kushika Kiti”: Tunavyowakosea Wagombea Wapya

Nimeisikia tena Jumamosi, safari hii botini, tukivuka kutoka Mokowe kwenda kisiwani Lamu. Mzee mmoja, kapu la embe miguuni, alikuwa akimzungumza kijana anayetajwatajwa kuwania ugavana. “Kijana yule ni mwema, sina neno naye. Lakini hajawahi kushika kiti chochote. Utampaje mui mzima?” Boti zima likaitikia kwa vichwa. Nikamuuliza: na huyo wako wa zamani, mzee wangu, alipokuwa bungeni alikaa kamati gani? “Kamati sijui, mwalimu. Lakini maziko alikuwa hakosi.”

Kazi yangu ni kufundisha bajeti ya kaunti. Wanafunzi wangu ni wawakilishi wadi wanaoingia mara ya kwanza, kamati za wakaazi, na kila uchaguzi ukikaribia, wagombea wawili watatu wanaokuja baada ya magharibi wasionekane. Uchaguzi wetu wa Kenya wa Agosti 2027 haujafika, ila maneno ya botini yameshaanza, na subira yangu imepungua.

Dhana: Aliyekaa bungeni miaka 15 ana uzoefu wa ugavana, asiyewahi kuchaguliwa hana

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu anayeisema huwa hana hata chembe ya shaka. Anadhani vyeo ni ngazi: umepanda hiki, basi umeshajifunza kile.

Mbunge anatunga sheria, anajadili, anauliza maswali, anaichunga serikali isilale. Kazi ya heshima. Lakini yeye hapiki. Anaonja na kusema chumvi imepungua. Hata zile fedha za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, zinazojenga madarasa, ambazo kila kampeni huzipiga picha, zina kamati na meneja wa kuzisimamia. Gavana ndiye mwenye jiko.

Tazama anavyoanza. Mwaka 2022 tulipiga kura tarehe 9 Agosti, na magavana wengi wakaapishwa tarehe 25. Mwaka wa fedha ulikuwa umeanza tarehe 1 Julai, kwa bajeti iliyopitishwa na watu wengine. Maana yake gavana mpya huingia jikoni chungu kimekwisha injikwa, chumvi imetiwa, na nusu ya kuni zimeungua. Kisha tarehe 1 Septemba, siku 7 tu baada ya kiapo, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata uwe umefikishwa bunge la kaunti. Siku 7, na wageni wa pongezi bado wamejaa barazani.

Ikifika 28 Februari anatakiwa awe amewasilisha taarifa ya sera ya fedha, ile inayoamua kila idara itapata kiasi gani. Ikifika 30 Aprili, makadirio yenyewe. Kwa hivyo bajeti ya kwanza aliyoipika kwa mkono wake huanza kutumika Julai, karibu miezi 10 tangu aape. Bajeti ya ziada ipo, ndiyo, lakini hiyo ni kuongeza maji kwenye mchuzi, si kupika upya. Ukimsikia mgombea akiahidi kuibadilisha Lamu ndani ya siku 100, awe mpya awe mkongwe, ujue hajawahi kuifungua sheria hiyo.

Na jiko lenyewe lina masharti. Mishahara haitakiwi kupita asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Maendeleo yasipungue asilimia 30 ya bajeti. Hakuna shilingi inayotoka kwenye mfuko wa mapato bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Hata idadi ya mawaziri si hiari yake: sisi tuna wadi 10, bunge letu la kaunti lina wajumbe chini ya 30, na Katiba inasema katika hali hiyo kamati kuu isizidi theluthi moja ya wajumbe. Aliyewaahidi watu 12 uwaziri kwenye kampeni atajua mwenyewe pa kuwakalisha.

Sasa niambie, nani ameshayazoea haya? Mbunge aliyekaa kamati ya bajeti na akawa anasoma makabrasha, naam. Lakini pia afisa mkuu wa kaunti aliyerudishiwa maombi ya fedha na Mdhibiti mara tatu hadi akajifunza kuyaandika. Pia msimamizi wa afya aliyelazimika kuzigawa dawa chache kwa vituo kuanzia Witu hadi Kiunga, na bei ya mafuta ya boti juu. Watu hawa hawajawahi kubandika picha yao ukutani, na kazi wanaijua.

Nilipomweleza hivyo, mzee wa botini alinijibu kwa lugha ya bahari: chombo hupewa nahodha aliyekwenda masafa. Sikatai. Lakini sisi watu wa Lamu, kuliko wote, tunajua tofauti ya baharia na abiria. Wote wawili watakuapia kwamba wamekwenda Mombasa kwa jahazi mara 40. Mmoja alikuwa akiteka ngama, yale maji ya chini ya chombo, na kupandisha tanga usiku, mwengine alilala juu ya magunia hadi akaamshwa bandarini. Bungeni pia kuna mabaharia na kuna abiria, na miaka 15 ya abiria haimfanyi nahodha.

Rekodi zipo wazi. Tuwatazame waliokuwa magavana: Ferdinand Waititu wa Kiambu alitokea bungeni. Mike Sonko wa Nairobi alikuwa mbunge, kisha seneta. Kawira Mwangaza wa Meru alikuwa mwakilishi wa wanawake. Seneti ilipiga kura ya kumwondoa Waititu Januari 2020, Sonko Desemba mwaka huohuo, Mwangaza Agosti 2024. Sisemi wabunge ni wabaya, msinilishe maneno. Kivutha Kibwana naye alikuwa mbunge na waziri kabla ya kuiongoza Makueni kuanzia 2013 hadi 2022, na namna kaunti ile ilivyowashirikisha wananchi kwenye bajeti naifundishia hadi leo. Ninachosema ni kwamba kiti cha zamani peke yake hakikwambii yupi atakuwa Kibwana.

Wamarekani wana mfano ninaoupenda. James Buchanan aliingia urais mwaka 1857 akiwa amepita kila mlango: Baraza la Wawakilishi, Seneti, ubalozi Urusi, ubalozi Uingereza, waziri wa mambo ya nje. Alipotoka Machi 1861, majimbo 7 yalikuwa yameshatangaza kujitenga. Aliyempokea, Abraham Lincoln, alikuwa na miaka 8 katika bunge la jimbo la Illinois na kipindi kimoja tu cha miaka 2 katika bunge la taifa, tena alikuwa ameshindwa kupata useneta mwaka 1858. Mtu wa botini angemchagua nani?

Halafu hilo neno “mgeni” lenyewe tulichunguze. Emmanuel Macron hakuwa amewahi kuchaguliwa popote alipoupata urais wa Ufaransa mwaka 2017, ila alikuwa waziri wa uchumi tangu 2014 hadi 2016. Bassirou Diomaye Faye wa Senegali alishinda urais Machi 2024 akiwa ndiyo kwanza anatimiza miaka 44, bila kupita bungeni, lakini alikuwa mkaguzi wa kodi. Anayejua kodi inavyokwepwa si mgeni wa serikali. Ni mgeni wa mabango tu.

Dhana: Katiba inataka gavana awe na uzoefu

Haitaki. Ibara ya 180 inasema anayefaa kuwania uwakilishi wadi anafaa kuwania ugavana, na Sheria ya Uchaguzi inaongeza shahada ya chuo kikuu. Miaka ya utumishi haimo. Hata kwa rais haimo, na ule umri wa miaka 35 uliokuwa kwenye katiba ya zamani uliondolewa mwaka 2010. Maana yake kazi ya kupima uzoefu imeachiwa mpiga kura. Ndiyo sababu nakasirika akiipima kwa maziko.

Dhana: Mgeni ana mikono safi

Kuna upande wa pili, na huu nausikia zaidi kwa vijana wa mtaa wa Langoni: wazee wote wamekula, tumpe mpya. Jamani, mikono ya asiyewahi kuwekewa sahani si safi, ni mikavu tu. Uliza sahani ndogo alizowahi kuwekewa: akiba ya chama cha wavuvi, mchango wa madrasa, bodi ya shule. Hesabu ziliandikwa na kusomwa mbele ya watu, au zilitajwa kwa mdomo tu? Risiti zilikuwepo?

Dhana: Asiyejua atasaidiwa na washauri

Ni kweli kwamba wanaowajibika kwa matumizi ya idara ni maafisa wakuu, si gavana. Lakini anayewateua ni nani? Gavana asiyeweza kutofautisha ushauri mzuri na mbaya atakuwa mpangaji katika ofisi ya mshauri wake. Nimewaona. Kila ukimuuliza jambo anageuza shingo kumtazama mtu aliyekaa nyuma.

Dhana: Mfanyabiashara hodari ni gavana hodari

Duka lisiloleta faida unalifunga. Zahanati ya Basuba hufungi kwa sababu wagonjwa ni wachache. Tuendelee.

Swali langu

Kwa wagombea wote, wapya na wakongwe, nina swali moja nililolipenda hadi wenzangu wananicheka. Mgombea akishamaliza kuahidi, nyoosha mkono umuulize kwa adabu: 1 Septemba, 28 Februari na 30 Aprili ni tarehe za nini? Usimuulize shule alizosoma, usimuulize ukoo.

Niliwahi kuliuliza kwenye kikao kimoja cha wagombea. Mmoja, mtu aliyeshika kiti kwa miaka, alicheka akasema hayo ni ya wataalamu. Watu wakampigia makofi. Aliyefuata alikuwa muuguzi, mara yake ya kwanza kugombea, sauti inatetemeka. Ile 28 Februari hakuijua. Lakini 30 Aprili aliijua, kwa sababu kila mwaka alikuwa akivuka kwenda kuangalia kama jina la zahanati yake limo kwenye makadirio. Mwaka ambao halikuwemo alijua mapema kwamba dawa hazitatosha, akaanza kuandika barua. Hakupigiwa makofi. Mimi kura yangu ningempa huyo, bila kuuliza ameshika kiti gani.

Na ukitaka kumpima mkongwe kwa kazi yake badala ya maneno yake, itafute karatasi. Mwandikie karani wa bunge la kaunti, omba makadirio ya mwaka ambao mtu huyo alikuwa kitini na kumbukumbu za kamati aliyokaa. Kwa aliyekuwa mbunge, barua kama hiyo iende kwa karani wa Bunge la Taifa. Andika tarehe, bakisha nakala, na mwenye kupokea atie muhuri. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Siku ya 22 rudi na ile nakala yenye muhuri. Wakikwambia faili limepotea, omba waliandike hilo nalo.