Kwa nini wachoraji huchora mwili wa binadamu kwenye karatasi ya rangi?

Ukichora mtu kwa mkaa kwenye karatasi nyeupe, hakuna kitakachong'aa kuliko karatasi yenyewe. Kazi yako yote inakuwa kutia giza: shavu, kifua, mapaja, hata pale ambapo kivuli ni hafifu mno. Karatasi ya buluu, kijivu au kaki tayari iko katikati ya giza na mwanga, kwa hiyo mkono unaweza kwenda pande zote mbili.

Chukua bega la mtu aliyekaa karibu na taa moja. Mkaa unaingia kwapani na upande ulioipa taa mgongo. Chaki nyeupe inagusa pale tu mwanga unapopiga sawasawa, juu ya mfupa. Katikati hapawekwi kitu, na jicho la mtazamaji linaisoma karatasi hiyo tupu kuwa ngozi. Kwangu hapo ndipo penye uzuri wote wa mbinu hii, na ndipo wengi wanapoharibu: hawavumilii kuacha pengo, wanapaka chaki juu ya mkaa. Vikichanganyika hutoa kijivu cha vumbi, na bega lililokuwa la mviringo linakuwa bapa.

Mbinu hii ilishamiri Venice, ambako mwishoni mwa karne ya 15 karatasi ya buluu ilitengenezwa kwa matambara yaliyotiwa nili. Mjerumani Albrecht Dürer alikaa huko kati ya 1505 na 1507, akaizoea. Mwaka 1508, akiwa amerudi kwao Nuremberg, alichora ile mikono inayosali ambayo leo iko katika jumba la makumbusho la Albertina, Vienna. Alitumia brashi na wino badala ya mkaa, ila hesabu ni ileile: giza, nyeupe, na buluu katikati. Tintoretto wa Venice alichora miili mingi kwa mkaa kwenye karatasi hiyo, na Mfaransa Pierre-Paul Prud'hon (1758–1823) akaja kusifika kwayo kuliko karibu wote. Inasikitisha kwamba mwanga umeibabua buluu ya baadhi ya michoro yake hadi ikawa kijivu au kahawia.

Ukitaka kujaribu, pasua bahasha kubwa ya kaki. Anza na mkaa, tafuta vivuli vyote kwanza. Chaki iache hadi mwisho, na uitumie kidogo kuliko unavyotamani.