Je, wajua kwa nini barua moja ya mgonjwa huweza kuwa na uzito kuliko maelfu ya sahihi?

Nchini Marekani, wakala wa serikali unaosimamia Medicare, yaani bima ya afya ya watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi pamoja na baadhi ya watu wenye ulemavu, hauwezi kubadili kanuni za bima hiyo kimyakimya. Sheria inautaka utangaze rasimu katika gazeti rasmi la serikali, upokee maoni ya umma, kisha ueleze sababu za uamuzi wake.

Wengi hudhani kwamba maoni hayo huhesabiwa kama kura, lakini sivyo. Barua elfu zenye maneno yaleyale, ambazo wanachama wa chama fulani wamegawiwa ili watie majina tu, kwa kawaida huchukuliwa kuwa hoja moja. Kinachopimwa ni hoja inayogusa kiini cha kanuni, kwani hoja ya namna hiyo ni lazima ijibiwe. Ikipuuzwa, mahakama inaweza kuitengua kanuni nzima kwa kuwa imetungwa kiholela.

Mwezi Januari 2014, wakala huo ulipendekeza kuondoa ulinzi kwa makundi mawili kati ya sita ya dawa ambazo kampuni za bima zinazolipia dawa chini ya Medicare hulazimika kuzigharimia karibu zote: dawa za sonona, na dawa zinazozuia mwili usikatae kiungo kilichopandikizwa. Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi, maana kampuni ya bima isiyoweza kuikataa dawa haina nguvu ya kuomba ipunguziwe bei. Tatizo lilikuwa katika vigezo. Kimojawapo kilitaka kundi lilindwe iwapo kutoanza dawa zake ndani ya siku saba tangu cheti cha daktari kifikishwe duka la dawa kungeelekea kumlaza mgonjwa hospitalini, kumlemaza au kumuua.

Hapo mgonjwa ana la kusema ambalo mchumi wa serikali hana. Anayeishi na sonona anajua kwamba dawa huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na kwamba iliyomfaa mwenzake huenda isimfae yeye, hivyo akibadilishiwa ghafla huanza upya kuzihesabu wiki hizo huku ugonjwa ukimrudia. Aliyepandikizwa figo naye anajua kwamba mwili unaweza kuanza kuikataa pasipo maumivu yoyote, habari ikaletwa kwanza na kipimo cha damu. Kwa watu hao, siku saba ni hesabu ya mezani tu.

Muda wa maoni uliisha tarehe 7 Machi. Siku tatu baadaye, mkuu wa wakala huo, Marilyn Tavenner, aliliarifu Bunge kwamba pendekezo hilo halitaendelea. Wabunge wa vyama vyote viwili na kampuni za dawa nao walilipinga, kwa hiyo si haki kuwapa wagonjwa sifa zote.

Mwaka 2018 serikali ilirudi na pendekezo jingine la kulegeza ulinzi huo. Kanuni ya mwisho ya Mei 2019 iliyaacha makundi yote sita, lakini ilithibitisha kwamba mgonjwa anayeanza dawa anaweza kutakiwa kupata kwanza idhini ya kampuni ya bima, isipokuwa kwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI.