Jaji anapopotosha juri kuhusu ridhaa: maana yake katika rufaa

Huko England na Wales, anayekana shtaka la ubakaji huamuliwa na juri la raia 12 katika Mahakama ya Crown, inayosikiliza kesi nzito za jinai. Juri hutamka tu kwamba ana hatia au hana, sababu halitoi. Kwa hiyo mrufani hana hukumu ya maandishi ya kuichambua. Kilichobaki kwenye kumbukumbu ni maelekezo ya jaji, yaani alivyowafafanulia wanajuri sheria kabla hawajaenda kujadiliana. Maelekezo yakieleza sheria visivyo, au yakiacha jambo ambalo kesi ile ililidai, juri limepotoshwa.

Kifungu cha 74 cha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2003 kinasema mtu ameridhia pale anapokubali kwa hiari yake, akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. (Kifungu cha 42 cha sheria ya Kenya ya 2006 kinasema vivyo hivyo, ila Kenya hakuna juri: hakimu huandika sababu zake, na rufaa huzilenga hizo.) Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba tendo lilikuwa la makusudi, mlalamikaji hakuridhia, na mshtakiwa hakuamini, kwa misingi ya busara, kwamba ameridhia. Mawili ya mwisho ndiyo huleta matata. Moja linamhusu mlalamikaji, jingine linahusu imani ya mshtakiwa. Jaji akiyafunga pamoja kama swali moja, au akiwafanya wanajuri waone kwamba ni kazi ya mshtakiwa kuthibitisha imani yake, kosa ni zito.

Pombe nayo ina mtego wake. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha hukumu ya hatia katika kesi ambayo wote wawili walikuwa wamelewa sana. Upande wa mashtaka ulianza kwa kudai mlalamikaji hakuwa na fahamu, kisha ukabadili hoja, na jaji hakulisaidia juri vya kutosha. Msimamo wa mahakama: aliyelewa anaweza kuridhia, lakini uwezo wa kuridhia unaweza kumtoka mapema kabla hajazimika.

Hata hivyo, kosa la jaji peke yake halimtoi mtu gerezani. Katika DPP v Morgan ya 1975, mabwana wa sheria (majaji) wa House of Lords, mahakama ya juu kabisa wakati huo, walikubali kwamba juri lilielekezwa vibaya, kisha wakaacha hukumu isimame, kwa kuwa hakuna juri lenye busara ambalo lingewaachia washtakiwa wale hata kama lingeelekezwa sawasawa. Siku hizi swali ni moja: je, kutiwa hatiani huku ni salama?

Notisi ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 28 tangu kutiwa hatiani. Jaji mmoja husoma karatasi na kutoa au kunyima ruhusa. Akinyima, ombi linaweza kupelekwa mbele ya jopo. Wakili aonyeshe maneno yenyewe katika nakala ya kumbukumbu. Kulalama kwamba jaji “alipendelea” hakumfikishi mbali. Ataulizwa pia mbona hakupinga siku ile, maana kwa kawaida jaji hujadili maelekezo na mawakili kabla ya kuyasoma. Ukimya huo haufungi mlango, lakini unapunguza uzito wa hoja.

Mrufani akishinda, mahakama inaweza kuagiza kesi isikilizwe upya. Ikiwa upotoshaji ulimnufaisha mshtakiwa akaachiwa, upande wa mashtaka hauwezi kuukatia rufaa uamuzi huo. Mwanasheria Mkuu anaweza kupeleka swali la kisheria Mahakama ya Rufaa, lakini jibu lolote litakalotoka, aliyeachiwa ameachiwa.