Sevo za ndege ya rimoti: mita kusoma volti 5 siyo kwamba umeme unatosha

Kuna dhana potofu kadhaa kuhusu umeme wa sevo, vile vimota vinavyosogeza vibao vya kuongoza ndege. "Nimepima, volti 5 zipo, umeme hauna shida." Hii naanza nayo maana ndio mama wa dhana nyingine zote. Betri isiyo na mzigo, hata ile iliyochoka kabisa, itakuonyesha volti nzuri tu, shida inaanza pale eleroni (vibao vya mabawa), elevata (kibao cha mkia cha kupandisha na kushusha) na usukani wa mkia vinapofanya kazi kwa pamoja huku upepo unavisukuma virudi. Kasevo kadogo ka gramu 9 kakikwama kanaweza kuvuta karibu ampea 0.7, na sevo kubwa ya dijitali inapita ampea 2 bila wasiwasi, sasa piga hesabu ya sevo sita. Volti zikiporomoka hadi kwenye 3.5 hivi, resiva nyingi za 2.4 GHz (vipokezi vya mawimbi ndani ya ndege) zinazima na kuanza kuwaka upya, wewe huku unavuta fimbo ya rimoti na ndege haikusikii, halafu ikishaanguka watu wanasema redio ilipoteza mawasiliano. Redio ilikuwa nzima, resiva ndio ilinyimwa umeme.

Kupima kwa maana ni hivi: toa propela kwanza, chomeka mita kwenye nafasi tupu ya resiva, zungusha fimbo zote mbili kwa haraka na mwenzako azuie eleroni kidogo kwa kidole, uangalie namba inashuka hadi wapi. Na mita za kawaida zinasoma polepole, haziwahi kuona mshuko wa muda mfupi, kwa hiyo ukiiona imegusa 4.5 jua kiukweli ilienda chini zaidi.

Halafu kuna wale wa "ESC imeandikwa BEC ampea 3, basi natumia ampea 3". ESC ni kidhibiti mwendo wa mota, na BEC ni sehemu yake inayoshusha volti za betri kulisha resiva na sevo. Inategemea ni BEC ya aina gani bwana. Ile ya linia inashusha volti kwa kuzigeuza joto tu, yani betri ya 3S (seli tatu mfululizo) ikijaa ni volti 12.6, ukitoa 5 zinabaki 7.6 za kuchomwa bure, kwa hiyo kila ampea moja ni wati 7.6 za joto, ukivuta ampea 2 ni wati 15 ndani ya kidude kilichofungwa plastiki, lazima kijizime. Kwa 2S ni wati 3.4 tu kwa ampea, ndio maana karatasi za ESC za namna hii zinapunguza idadi ya sevo kadiri seli zinavyoongezeka. BEC ya kuswichi, inayowasha na kuzima umeme kwa kasi badala ya kuuchoma, haina hilo tatizo kwa kiasi hicho, na kwa 4S mimi hata sijadili, naweka ya kuswichi.

"Weka kapasita kubwa, yaishe." Kapasita ni kidude kinachohifadhi umeme kidogo kwa muda mfupi. Kapasita ya mikrofaradi 4700 ikibeba mzigo wa ampea 2 peke yake inashuka kutoka volti 5 hadi 4 ndani ya milisekunde 2 na kitu. Inalainisha mishtuko midogo, sawa, ila betri dhaifu haiiponyi.

Eti waya ni waya? Ekstensheni ya mita moja ya AWG 26 (AWG ni kipimo cha unene, namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba), kwenda na kurudi, ina kama omu 0.27, sevo ikivuta ampea 2 umeshapoteza zaidi ya nusu volti kabla hata hujahesabu plagi. AWG 22 inapoteza kama 0.2.

Kuhusu kuchomeka plagi kinyume, kwa redio za Futaba, JR na Hitec waya nyekundu, wa umeme, uko katikati, kwa hiyo sevo haiungui, inakaa kimya tu. Airtronics za zamani zilikuwa na mpangilio wao, hizo angalia kabla.

La mwisho, "BEC mbili sambamba ni usalama mara mbili", hasa kwa ndege za injini mbili, ambazo kila injini ina ESC yake. BEC za kuswichi hazigawani mzigo vizuri, ile yenye volti za juu kidogo ndio inabeba karibu wote na zinaweza hata kusumbuana. Toa waya nyekundu wa ESC moja: inua kile kiulimi cha plastiki kwenye plagi kwa ncha ya sindano, vuta pini itoke nzima, ikunjie nyuma na uivalishe mpira wa kusinyaa kwa joto, usiikate maana kuna siku utaihitaji. Nyeusi iache ilipo, bila hiyo signali ya ESC haina pa kurudia.