Lamon: neno la mlafi, neno la moto

Kula kwa Kitagalog, lugha ya Ufilipino, ni kain. Kwa Kicebuano, lugha ya huko huko, ya kisiwa cha Cebu na sehemu kubwa ya kisiwa cha Mindanao, ni kaon. Ukiyasikia tu unajua ni ndugu, na yote mawili yana adabu. Ukimkuta Mtagalog mezani atakuambia "Kain tayo!", sawasawa na "Karibu tule" yetu.

Ninalolipenda mimi ni lamon, lililomo katika lugha zote mbili na halina adabu hata chembe. Mtazame mtoto ambaye tonge la kwanza bado limemtuna shavuni na mkono umesharudi kwenye wali. Huyo hali, huyo lumalamon. Sisi mzizi wa kitenzi tunauvika viambishi mbele na nyuma; Watagalog huupasua wakatia -um- katikati: lamon, lumamon; na tendo likiwa bado linaendelea, lumalamon.

Zamani nilikuwa nikilitafsiri "kula kwa pupa". Nimeacha. Pupa ni haraka, na mtu anaweza kuwa na haraka kwa sababu basi linaondoka. Lamon lina dharau, linamshusha mlaji. Kumwambia Mcebu "Lamon!" badala ya "Kaon!" ni kumvunjia heshima, labda muwe marafiki wa kutaniana. Kwa hiyo sasa naandika kufakamia, na sijapata lililo karibu zaidi.

Shida huanza nyumba ikiungua. Magazeti ya Kitagalog huandika nilamon ng apoy, yaani imefakamiwa na moto. Ya Kicebuano huandika gilamoy sa kalayo, kwa neno lingine, lamoy, lenye maana ya kumeza au kula kwa ulafi. Kwetu moto huteketeza, kutu hula chuma, lakini kufakamia tumemwachia binadamu. Hapo huwa silazimishi. Naandika "moto umeimeza nyumba nzima", ingawa ile dharau inanitoka mkononi na inaniuma kuipoteza.

Kwenye aibu ndipo tunapokutana. Mtagalog aliyefedheheka mbele za watu hutamani lamunin ng lupa, amezwe na ardhi. Nasi husema vivyo hivyo: laiti ardhi ingepasuka ikanimeza.

Na mwigizaji akicheza vizuri hadi mwenzake asionekane kabisa, watazamaji husema nilamon niya. Hilo halikunipa taabu hata kidogo kulitafsiri: amemfunika!