Unataka kutengeneza roboti? Usichague kozi kwa jina

Kila dirisha la udahili likikaribia simu zinaongezeka huku kwenye usajili wa wahandisi, na wengi mnauliza swali lilelile, eti chuo gani Tanzania kina digrii ya roboti. Jamani, mnatafuta jina. Roboti haina fani moja.

Chukua mkono wa roboti unaochomelea vyuma kiwandani, umeanza kutetemeka kila ukifika kwenye kona. Inawezekana gia za kiungo zimelegea, hapo anaitwa mtu wa mekanika. Inawezekana sensa inayosoma pembe ya kiungo inaleta taarifa chafu, au umeme unaoingia kwenye mota hautulii, hiyo ni kazi ya mtu wa umeme na elektroniki. Au vyote vizima ila programu inasahihisha kosa kwa nguvu mno, mota inapitiliza, inarudi, inapitiliza tena, huyo sasa mtafute mtu wa kontroli, yaani kuongoza mwendo wa mashine ili ufuate unachotaka, na kontroli ni hesabu tupu. Ndo maana kijana wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) akichukua umeme, mekanika au uhandisi wa kompyuta hajapotea hata kidogo, ila projekti ya mwaka wa mwisho afanye ya sensa au kontroli. Mekatroniki inachanganya vyote hivi, na pale Kenya vyuo vikuu vya JKUAT na Dedan Kimathi wanaifundisha kwa digrii ya kwanza, kozi nzuri, lakini siyo mlango pekee.

Halafu hili tumelisema sana: sayansi ya kompyuta siyo uhandisi wa kompyuta! Ukisoma sayansi ya kompyuta utaandika programu za roboti vizuri tu na kazi utapata, ila usije na transkripti hiyo kuomba usajili wa uhandisi afu ukasema tunakubania. Sheria ya Usajili wa Wahandisi Na. 15 ya mwaka 1997 hairuhusu mtu kufanya kazi za kihandisi wala kujiita mhandisi bila usajili, ni kosa la jinai, na kusema hukujua hakukuokoi. Utaratibu ni huu: ukimaliza digrii inayotambuliwa unaomba uhandisi mhitimu, unafanya kazi chini ya mhandisi mtaalamu miaka isiyopungua 3, wengi wanapitia SEAP, mpango wa mafunzo kazini kwa wahandisi wahitimu, unaandika ripoti na msimamizi anazisaini, ndo unaomba uhandisi mtaalamu na kuitwa kwenye usaili. Ripoti isiyo na saini inarudishwa, hata kama kazi umeifanya kweli.

Kwenye udahili, pointi 4.0 za masomo mawili ya kidato cha sita ni kiwango cha chini cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kozi za uhandisi zenye ushindani zinaenda juu ya hapo, kwa hiyo soma kitabu cha mwongozo kabla ya kulipa ada ya maombi. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, thibitisha kimoja kwa ile namba ya siri unayotumiwa, ndani ya muda uliotangazwa, usipothibitisha nafasi inapotea. Wa diploma, GPA ni kuanzia 3.0.

Vyeti vya wiki chache vya roboti vinakupa ujuzi wa mikono, fanyeni, lakini havisajiliki. Na aliyesoma nje, cheti chako kipeleke TCU kitambuliwe kwanza, barua ikitoka ndo uje kwetu na nakala iliyothibitishwa.