Bawang si kaisari, wala si mbabe tu

Xiang Yu, jemadari wa China ya kale, akitajwa kwa Kiswahili huitwa ama "kaisari wa China" ama "mbabe wa kivita". Cha kwanza hakuwahi kuwa, na cha pili si cheo. Mwenyewe, mwaka 206 KK, alijiita Xi Chu Bawang, yaani Bawang wa Chu ya Magharibi (Chu ilikuwa moja ya falme za China ya kale). Bawang ni mfalme anayewaongoza wafalme wenzake. Maana yake ndiyo hiyo. Kinachowapoteza watu ni silabi ya kwanza. (Ukilitafuta neno mtandaoni utaletewa vitunguu. Hicho ni Kimalei, hakihusiani.)

Wang ni mfalme, halina utata. Ba huandikwa kwa herufi iliyohusu mwezi: ule mwanga mwembamba unaoonekana mwezi unapoandama. Herufi hiyo iliazimwa kwa ajili ya sauti tu, kuandikia neno bo, kifungua mimba, mkubwa wa ndugu. Wafalme wa nasaba ya Zhou walipoishiwa nguvu, mmoja wa watawala waliokuwa chini yao alisimama kama kaka mkubwa: akawaita wenzake, akawalisha kiapo, akaongoza vita kwa jina la mfalme. Huan, mtawala wa Qi, aliwakusanya wenzake mahali paitwapo Kuiqiu mwaka 651 KK. Wen, mtawala wa Jin, aliipata nafasi hiyo baada ya kuishinda Chu pale Chengpu, 632 KK. Hakuna kati yao aliyejiita mfalme. Ba alishika upanga, kiti kikabaki cha mfalme wa Zhou.

Harufu ya ubabe ilikuja baadaye. Mwanafalsafa Mengzi, katika karne ya 4 KK, alisema wang hutawala kwa wema, ilhali ba hutumia nguvu na kujivika wema. Tangu hapo neno limezidi kuteremka: katika Kichina cha leo "mlo wa bawang" ni kula na kuondoka bila kulipa, na "masharti ya bawang" ni vipengele vya mkataba vinavyomkandamiza mteja. Hapo "mbabe" inatosha kabisa. Kwa mwaka 206 KK haitoshi.

Xiang Yu, mzaliwa wa 232 KK katika ukoo wa majemadari wa Chu, aliingia vitani 209 KK, dhidi ya Qin, nasaba iliyokuwa ikitawala China yote, pamoja na baba yake mdogo, Xiang Liang, wakiwa na watu 8,000. Mwaka 207 KK, kule Julu, alivusha jeshi mto, akazamisha mashua, akavunja vyungu, akabakiza chakula cha siku tatu. Jeshi la Qin likavunjika. Cheo cha huangdi, kaisari, kilichobuniwa na Qin mwaka 221 KK, kilikuwa mbele yake, naye hakukichukua. Aliigawa nchi kwa wafalme 18, akajiwekea majimbo 9 na mji mkuu Pengcheng. Ukaisari akampa mfalme wa Chu aliyekuwa juu yake, kwa jina tu: Yi Di.

Huo ni mpango wa ba mtupu, wa kizamani, na ba hawezi kusimama bila mtu wa kumsimamia jina. Xiang Yu akaagiza Yi Di auawe. Liu Bang, mmoja wa wale wafalme 18, akalifanya jeshi lake liomboleze siku tatu, kisha akawaita wengine waje wamwadhibu muuaji. Tian Rong wa Qi, aliyenyimwa fungu katika mgao, alikuwa ameshaasi. Xiang Yu aliendelea kushinda vita, lakini kila baada ya ushindi wafalme walihama upande. Mwaka 202 KK alizingirwa Gaixia, akatoroka na wapanda farasi 800, akapotezwa njia hadi kwenye kinamasi, akabaki na 28. Ukingoni mwa mto, kwenye kivuko cha Wujiang, alijikata shingo, akiwa na umri wa miaka 30 hivi.

Kosa la "kaisari" lina chanzo cha heshima: mwanahistoria wa kale Sima Qian, katika kitabu chake, alimweka Xiang Yu kwenye sura za watawala wa China yote. Ila kaisari wa mwaka 202 KK ni Liu Bang. "Mbabe wa kivita" si tusi ukieleza kazi aliyoifanya Xiang Yu. Ukifika kwenye cheo, andika bawang, na pembeni yake "mkuu wa wafalme".